Kimeng'enya kinachokaa ukutani mwa mshipa

Ukifanya kazi maabara ya kemia kwa miaka ya kutosha, iko siku utatoa tyubu kwenye sentrifuji na kukuta kwamba juu ya seli nyekundu, pale unapotegemea plazima ya manjano, pamejaa kitu cheupe pe. Si ukungu ule wa mgonjwa aliyekula chapati na supu kabla ya kuja kutoa damu. Ni weupe mzito, ukiinamisha tyubu unabaki umeganda ukutani, na ncha ya pipeti inaufyonza kwa shida. Mashine inakataa kuusoma au, mbaya zaidi, inakubali na kutoa majibu: himoglobini iliyo juu kuliko ya kweli, sodiamu iliyoshuka ambayo mwilini haijashuka, amilesi (kimeng'enya cha kongosho) ya kawaida kwa mtu anayejikunja kitandani kwa kongosho lililovimba. Mafuta yanazuia mwanga na yanachukua nafasi ya maji kwenye sampuli, kwa hiyo kipimo chochote kinachotegemea kimojawapo kinaweza kupotoka.

Wengi wa wenye damu hiyo ni watu wazima wenye kisukari kisichodhibitiwa, au wanywaji pombe wa kupindukia, au vyote viwili. Wakitibiwa, damu inasafika. Hapa nataka kuwazungumzia wale wachache, mmoja au wawili katika kila watu milioni, waliozaliwa hivyo. Na nataka kukitetea kipimo kimoja cha zamani ambacho naona tunakiacha mapema mno: kupima kazi ya kimeng'enya chenyewe, yaani protini inayoyakata mafuta hayo damuni.

Mafuta tunayokula, yawe ya alizeti, ya nyama au ya tui la nazi, hayachanganyiki na maji ya damu. Utumbo unayafungasha kwenye chembe kubwa ziitwazo kilomikroni, zinazosafiri kwa njia ya limfu hadi damuni. Kwa mtu mzima wa afya chembe hizo hazikai. Zikifika kwenye mishipa midogo kabisa ya misuli na ya tishu za mafuta, zinakutana na kimeng'enya kiitwacho laipesi ya lipoprotini (laipesi ni kikata mafuta, lipoprotini ni chembe zinazobeba mafuta damuni), ambacho maabara tunakitaja kwa herufi tatu tu, LPL. Kinaikata trigliseridi, yaani mafuta yenyewe, iliyomo ndani, asidi za mafuta zinaingia kwenye misuli kuchomwa au kwenye mafuta kuhifadhiwa. Aliyezaliwa bila LPL inayofanya kazi hana pa kuyapeleka. Trigliseridi zake, ambazo kwa kawaida zingekuwa chini ya milimoli 1.7 kwa lita, zinapita 10, mara nyingi zinapita 20 au 30. Ini na wengu vinavimba, vipele vya manjano vinamtoka viwikoni na matakoni, daktari akimulika macho anaona mishipa ya ndani imepauka kama iliyojaa maziwa. Na kongosho linaweza kuwaka wakati wowote. Hilo la mwisho ndilo linaloua.

Mwaka 1932 madaktari wawili wa Ujerumani, Max Bürger na Otto Grütz, waliandika habari za mtoto wa kiume mwenye dalili hizo: ini na wengu vikubwa, vipele vya mafuta, damu nyeupe. Walimweleza vizuri, ila hawakuwa na njia ya kujua kilichoharibika. Njia hiyo ilikuja kutoka kusikotarajiwa.

Heparini ilikuwa inajulikana tangu 1916, kazi ya Jay McLean katika maabara ya William Howell huko Johns Hopkins, na ilitumika kuzuia damu isigande. Mwaka 1943 Paul Hahn, huko Marekani, aliripoti jambo ambalo hakuwa akilitafuta: mbwa waliokula mafuta, wakichomwa heparini, plazima yao nyeupe inasafika. Ajabu ni kwamba heparini ile ile ukiitia kwenye tyubu yenye plazima nyeupe, hakuna kinachotokea. Lazima ipite mwilini kwanza. Maana yake ni kwamba heparini yenyewe haisafishi chochote. Inakwenda mahali fulani mwilini na kukitoa kinachosafisha. Kwa muda watu walikiita kisafishaji tu. Mwaka 1955 Edward Korn alikipata kwenye moyo wa panya, akaonyesha kuwa ni laipesi inayofanya kazi juu ya lipoprotini, na kwamba chumvi nyingi inakizima. Hiyo habari ya chumvi tutairudia, maana bila hiyo kipimo chetu kisingekuwa na maana.

Hapo ndipo palipo na ugumu wote wa jambo hili. LPL haielei kwenye damu. Imeshikamana na ukuta wa ndani wa mshipa, upande unaotazama damu, ikisubiri kilomikroni zipite. Ukichukua damu ya kawaida mkononi, hata kwa mtu mwenye LPL tele, utakuta karibu hakuna. Lazima kwanza uibandue, na heparini inaweza kuibandua kwa sababu inagombania nayo pale inaposhikilia.

Kwa hiyo kipimo kinaanzia kitandani, si kwenye benchi. Mgonjwa anakuja hajala tangu usiku. Anachukuliwa damu ya kwanza. Kisha anachomwa heparini kwenye mshipa kulingana na uzito wake, mara nyingi uniti 60 kwa kila kilo, na baada ya dakika 10 au 15 anachukuliwa damu ya pili kutoka mkono mwingine. Kuanzia hapo kila kitu ni mbio na baridi. Tyubu inaingia kwenye barafu papo hapo, kwa sababu LPL ni dhaifu. Ikiachwa mezani kwa joto la kwetu inakufa kabla hujamaliza kuandika jina. Sentrifuji yenyewe iwe ya kupoza, nyuzi 4. Plazima igawanywe kwenye vichupa vidogo na kugandishwa kwenye nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri, na kila kichupa kitumike mara moja tu, maana kuyeyusha na kugandisha tena kunapunguza nguvu.

Kwenye benchi unatengeneza chakula cha kimeng'enya. Njia ya asili ni trioleini, aina ya trigliseridi, iliyotiwa alama ya mnururisho, ikachanganywa na fosfolipidi au gundi ya mgunga na kupigwa kwa mawimbi ya sauti hadi iwe mchanganyiko mweupe wa matone madogo. Unaongeza albumini ili idake asidi za mafuta zinazokatwa, la sivyo zitajaa na kukizuia kimeng'enya. Unaongeza seramu ya mtu mwenye afya iliyopashwa moto, kwa ajili ya protini moja nitakayoieleza punde. Halafu plazima ya mgonjwa, nyuzi 37, muda uliopimwa, na unasimamisha kwa methanoli, klorofomu na heptani. Tabaka mbili zinajitenga: mafuta yasiyokatwa yanabaki chini, asidi za mafuta zinapanda kwenye maji ya alikali juu. Unachukua ya juu, unahesabu mnururisho. Njia hiyo ya kutenga ni ya Belfrage na Vaughan, ya 1969, na bado maabara nyingi zinaifuata. Jibu linatoka kama kiasi cha asidi za mafuta zilizokatwa kwa kila mililita ya plazima kwa saa.

Lakini jibu hilo peke yake lingedanganya. Heparini haibandui LPL tu. Inabandua pia laipesi ya ini, kimeng'enya kingine kabisa, nacho kinakata mafuta yale yale. Mtoto asiye na LPL hata chembe anaweza kutoa jibu linaloonekana zuri kwa sababu laipesi ya ini inafanya kazi kwa niaba ya wote wawili. Hapa ndipo inapoingia chumvi ya Korn. Unapima mara mbili: mara moja kwa kawaida, mara ya pili ukiwa umeongeza chumvi ya kutosha kuizima LPL. Kinachobaki ni cha ini. Toa cha pili kwenye cha kwanza, tofauti ndiyo LPL. Mwaka 1974 Krauss, Levy na Fredrickson walionyesha kutenganisha huku kwa kutumia protamini, protini inayoizima LPL, na wengine baadaye wakatumia kingamwili. Mimi kila nikisoma hesabu hiyo ya kutoa nafurahi. Wazo ni jepesi kabisa, na limeokoa utambuzi wa wagonjwa wengi.

Waliokitumia kipimo hiki kwanza kuonyesha chanzo cha ugonjwa ni Richard Havel na Robert Gordon. Mwaka 1960 walichapisha habari za ndugu watatu wa familia moja wenye damu nyeupe tangu utotoni. Wakawachoma heparini. Plazima yao haikusafika, na walipoipima, kazi ya laipesi ilikuwa karibu haipo. Karibu miaka 30 baada ya mtoto wa Bürger na Grütz, kilichoharibika kikawa kimepatikana. Jeni la LPL lenyewe lilikuja kusomwa 1987.

Sasa ile protini ya kwenye seramu. Mwaka 1978 timu ya Breckenridge huko Toronto, Kanada, iliandika juu ya mwanamume mwenye trigliseridi za juu sana ambaye, kwa sababu ya upungufu wa damu, aliongezewa damu. Trigliseridi zikaporomoka. LPL alikuwa nayo. Alichokosa ni apo C-II, protini inayobebwa na chembe za mafuta zenyewe na ambayo bila hiyo LPL haianzi kazi. Damu ya mtu mwingine ilimletea. Ndiyo maana kwenye benchi unapima ukiwa na seramu ya mtu mzima wa afya na ukiwa na ya mgonjwa mwenyewe. Kikiamka kwa seramu ya mwingine na kulala kwa ya kwake, tatizo si LPL. Hakuna namba ya trigliseridi, hata ikwee vipi, itakayokwambia hilo.

Nije nyumbani. Hospitali sitaitaja, na mambo madogo nimeyabadilisha ili familia isitambulike. Alikuwa mtoto wa miaka kama sita. Alipokuwa mchanga aliambiwa ana chango, akapewa dawa za mizizi. Alipokua akatibiwa taifodi mara kadhaa, kisha vidonda vya tumbo. Aliletwa usiku na maumivu makali, damu ikachukuliwa, na tulipoizungusha ikawa ile niliyoieleza mwanzo. Tulilazimika kuizimua, yaani kuipunguza makali kwa maji ya chumvi mara kadhaa, ndipo mashine ikasoma trigliseridi: 38.

Asubuhi bibi yake alikuja dirishani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wanasema damu ya mjukuu wangu ina maziwa. Huyu mtoto maziwa hayanywi, anatapika. Yametoka wapi?"

Nilimweleza kuwa si maziwa, ni mafuta ya chakula yaliyoshindwa kutoka kwenye damu, na kwamba hakuna aliyemfanyia kitu. Alitaka kuona. Nikamwonyesha tyubu niliyokuwa nimeiacha wima kwenye friji usiku kucha: tabaka la krimu juu, nene kama malai, na chini yake plazima safi kabisa. Hicho ni kipimo cha bei ya sifuri na kila zahanati yenye friji inaweza kukifanya. Krimu ikipanda na chini pakabaki safi, ni kilomikroni zilizokwama. Chini pakibaki na ukungu, kuna chembe nyingine za mafuta kutoka kwenye ini, na mara nyingi mgonjwa ana sababu nyingine. Bibi aliitazama muda mrefu, akaniuliza swali ambalo madaktari wengi huchelewa kuliuliza: "Na mdogo wake?"

Ugonjwa huu unarithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa na nakala moja mbovu bila kuugua. Wazazi wa mtoto huyu walikuwa binamu. Kila mtoto wao alikuwa na uwezekano wa moja katika nne. Mdogo wake akapimwa, damu yake safi.

Mtoto alizuiwa mafuta kabisa kwa siku chache na trigliseridi zikashuka sana, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi. Daktari wake akapata njia ya kupeleka sampuli nje ya nchi ili jeni zisomwe. Majibu yalirudi baada ya miezi. Kwenye jeni la LPL, nakala zote mbili, kulikuwa na badiliko la herufi moja. Na mbele ya badiliko hilo paliandikwa kuwa maana yake haijulikani.

Hilo jibu ndilo lililonifanya niandike. Maabara ile haikukosea. Badiliko la jeni linahukumiwa kwa kulinganishwa na hazina ya jeni za watu waliokwisha kusomwa, wagonjwa na wazima, na hazina hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Sisi Waafrika, ambao jeni zetu zina mabadiliko mengi kuliko za watu wengine wote, tumo humo kwa uchache. Kwa hiyo tunapata "haijulikani" kwa wingi. Kwa Quebec, Kanada, mambo ni tofauti: huko LPL mbovu ni ya kawaida kuliko karibu popote duniani, kwa sababu wakazi wengi wanatokana na walowezi wachache kutoka Ufaransa, na mabadiliko machache yanayojulikana, kama lile liitwalo P207L, yanaeleza wagonjwa wengi. Daktari wa Quebec akitafuta herufi hiyo moja amemaliza. Kwake kipimo cha heparini kinaweza kuonekana cha kizamani. Kwa mjukuu wa yule bibi wa dirishani ndicho pekee ambacho kingejibu swali, kwa sababu hakihitaji kumlinganisha na mtu yeyote wa Ulaya. Kinauliza kama mafuta yanakatwa au hayakatwi. Ikiwa kazi iko chini ya asilimia 10 ya kawaida, badiliko lile limepata maana yake.

Na si kwa Waafrika tu. Mwaka 2007 iligundulika kazi ya GPIHBP1, protini inayoibeba LPL hadi upande wa ndani wa mshipa na kuishikilia hapo; ikiharibika, LPL ni nzima lakini haifiki kazini. Mwaka 2017 ikaripotiwa kwamba kuna watu ambao jeni zao zote ni safi ila miili yao imetengeneza kingamwili dhidi ya GPIHBP1. Hao ukisoma jeni hutaona kitu, na baadhi wanaweza kusaidiwa kwa kutuliza kinga. Kupima kazi kunawaonyesha.

Matatizo ya kipimo nayajua. Heparini haichomwi kwa mtu ambaye kongosho linawaka au anayeelekea kutoka damu, unangoja atulie. Kisukari kisichodhibitiwa kinaishusha LPL hata kwa aliyezaliwa nayo, kwa hiyo sukari iwekwe sawa kwanza. Kila maabara ina kiwango chake, huwezi kuchukua namba ya Amsterdam ukailinganisha na ya Toronto. Na mnururisho unahitaji kibali, chumba na watu. Lakini siku hizi zipo njia zinazotumia mafuta yanayong'aa yakikatwa, zinazosomwa kwa mashine ya kawaida ya floresensi. Heparini iko kila hospitali ya mkoa. Friji za nyuzi 80 chini ya sifuri zipo, zililetwa na tafiti na huduma za VVU. Maabara moja kwa Afrika Mashariki nzima, yenye mtu mmoja aliyefundishwa vizuri, ingetosha ugonjwa wa nadra kama huu.

Kwa kimeng'enya kingine kinachokata mafuta, njia imekwisha kuwa rahisi. Upungufu wa laipesi ya asidi ya lisosomu, ambao kwa watoto wachanga unaitwa ugonjwa wa Wolman na unaua ndani ya miezi, unapimwa kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Kimeng'enya hicho kimo ndani ya seli nyeupe, hakihitaji kubanduliwa. Mwaka 2012 timu ya Glasgow ilichapisha njia ya kupima kwa kutumia kizuizi kiitwacho Lalistat 2: unapima bila kizuizi, unapima ukiwa nacho, unatoa. Ni hesabu ile ile ya chumvi. Karatasi za namna hiyo wauguzi wetu wanazijua, ndizo walizotumia kukusanya damu za vichanga kwa kipimo cha VVU kutoka vijijini, nazo zinasafiri kwenye bahasha. Dawa ya kurudisha kimeng'enya hicho ipo tangu 2015, ghali mno.

Kwa LPL, dawa ya jeni iliyoidhinishwa Ulaya 2012, ya bei ya karibu yuro milioni moja, iliondolewa sokoni 2017 baada ya kupata mteja mmoja tu. Zilizofuata, volanesorsen huko Ulaya 2019 na olezarsen huko Marekani Desemba 2024, zinapunguza apo C-III, protini nyingine inayozuia mafuta kuondoka. Kwetu bado matibabu ni sahani: chini ya gramu 20 za mafuta kwa siku, au hata 15. Ugali, maharage ya kuchemsha, samaki mweupe wa kuchoma, matunda. Kuna familia huambiwa watumie mafuta ya nazi kwa sababu mafuta maalumu ya wagonjwa hawa hutengenezwa kutokana nayo. Si sawa. Mafuta yale maalumu yana tu asidi za mafuta fupi kuliko za kawaida, zinazokwenda moja kwa moja kwenye ini bila kilomikroni. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo sehemu kubwa yake inafungashwa kama mafuta mengine. Wali wa nazi kwa mtoto huyu ni hatari.

Mtoto yupo, anasoma, kipimo cha heparini hajafanyiwa. Na kwa wenzangu wa benchi: tyubu nyeupe ikija, msiitupe mkaandika tu kwamba sampuli haifai. Iacheni usiku mmoja kwenye friji ikiwa wima. Andikeni kwenye majibu mlichokiona, krimu juu na chini safi au chini ukungu, punguzeni makali mtoe trigliseridi, mwelezeni daktari kuwa sodiamu na amilesi zisiaminiwe, na mumpigie simu kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa ya taifodi.